Ule Mkate wa Kule kwa Moto

Mpendwa Baba Wambui,

Nimerudi juzi kutoka kule kwa moto. Ndiyo, kule kule, kisiwa ambacho jina lake lilikushinda kutamka mpaka ukaamua kukipa la kwako. Na nimeenda peke yangu, kwa hiyo usianze kuuliza nani alinibebea chupa ya chai. Nilijibebea. Nina mengi ya kukueleza, lakini nimekaa hapa mezani hasa kwa sababu nataka kukuuliza kuhusu ule mkate.

Acha nianzie mbali kidogo. Unanijua, mwalimu wa darasa la tatu hawezi kuruka ukurasa.

Unakumbuka siku Wambui alipotupigia simu kutoka ng'ambo na kutuambia ametupangia safari, kwa ajili ya miaka thelathini na mitano ya ndoa? Siku tano za kutembea kwa miguu kwenye kisiwa cha volkano, kutoka nyumba moja ya wageni hadi nyingine. "Dad, hakuna guide," alisema. "Mnapewa tu kijitabu, mnafuata. Mizigo inatangulia na gari." Ukauliza kama gari linabeba mizigo, kwa nini lisitubebe na sisi. Mama Kamau wa jirani aliposikia alikuja mpaka langoni na mwiko mkononi. "Yaani mpande ndege mbili ndiyo mkatembee? Si mtembee tu mpaka Ngoliba mrudi?" Ukamjibu kwamba Ngoliba haina mlima wa moto. "Lakini jua si liko?" akasema, nawe ukakubali kwa kichwa, maana Ngoliba ni kwenu na jua lake unalijua.

Tulifanya mazoezi kila Jumamosi. Tulitoka hapa Kiganjo asubuhi, wewe na gambuti zako, zile buti ndefu za mpira, mimi na raba za Wambui, tukaenda hadi kule maporomoko ya Chania na kurudi. Ulitembea mbele hatua kumi, kama kawaida yako. Wanaume wa rika lako hamkufundishwa kutembea sambamba na mke barabarani, na mimi nilikwisha kuzoea kuongea na mgongo wako. Ulikuwa mgongo wa kusikiliza, siwezi kukataa. Kila tulipopita ukuta wa mawe ulisimama, ukafumba jicho moja na kuukagua, na mimi nikapata nafasi ya kukufikia na kupumua. Nikajifunza kupenda kuta mbovu, kwa sababu hizo ulizikagua kwa muda mrefu zaidi.

Si ndivyo tulivyojuana? Kwa ukuta. Nilikuwa nimepangiwa shule Ruiru, ninakaa kwa tata yangu, dada wa baba, naye alikuwa anajenga vyumba vya kupangisha kwenye ploti yake. Fundi alikuwa kijana mmoja mrefu wa kutoka Ngoliba, hasemi sana, mikono imejaa vumbi la mawe ya machimbo. Siku ukuta ulipofika mwisho uliacha jiwe moja chini, ukasimama unangoja. Tata alikuuliza kwa nini humalizi. Ukasema, "Mimi kazi yangu ni kujenga. Jiwe la mwisho ni la mwenye nyumba." Tata alikuwa na mgongo mbaya, akaniita mimi. Nilipanda ngazi na sketi yangu ya ualimu, wewe ukiishika ngazi huku umegeuza uso upande wa pili kwa adabu, nikaliweka. "Nyumba si yangu," nilikuambia. "Basi umeweka kwa niaba," ukasema. "Lakini ya kwako itakuja."

Na ikaja. Hii hii ya Kiganjo, chumba kimoja, kisha viwili, kisha vinne. Ukuta wa mwisho ulipofika juu, kaka zako walikuwa wamesimama uani wakitegemea utaliweka wewe, kwa sababu wewe ndiye mwanamume. Ukaniita kutoka jikoni mbele yao wote. "Mwenye nyumba ni huyu," uliwaambia, ukashika ngazi. Safari hii hukugeuza uso. Sijui kama niliwahi kukuambia jinsi nilivyokupenda siku ile. Nadhani nilikuambia tu kwamba ugali unaungua.

Sasa tuje kwa moto.

Siku tatu za kwanza zilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia. Mimi nilishika kijitabu, wewe ulishika njia. Tulilala kwa watu wasiojua lugha yetu, tukala supu zao za dengu, ukawasifu kwa Kikuyu na wakakuelewa. Ulikuwa ukiokota mawe meusi yaliyojaa vitundu, unayapima mkononi na kuyanusa. "Mama Wambui, hata kwetu huu moto ulipita," uliniambia siku ya pili, tumekaa kwenye ukingo tunamenya mayai. "Mawe yote niliyopasua maisha yangu yalitoka kwa moto. Ni vile tu sikuwa nimewahi kuona jiko." Uliyasema hayo taratibu, umefurahi, na ganda la yai limekuganda kidevuni.

Njia kule juu haina vibao. Wenyeji wamepanga marundo madogo ya mawe, unatoka kwa hili unatafuta lile. Na marundo yale, kweli, yalikuwa yamepangwa na watu wasiojua kupanga. Nilikuona ukiteseka. Siku ya kwanza ulijizuia. Siku ya pili ukanyoosha moja. Siku ya tatu ukanyoosha matatu, ukiweka jiwe juu ya kiungo cha mawili ya chini na kubana mianya kwa vipande vidogo, na timazi yako ya kupimia wima wa ukuta ukaitoa mfukoni, ile uliyosafiri nayo huku ukisahau dawa zako za presha.

Halafu siku ya nne. Wewe ulikuwa mbele, na si hatua kumi tena, labda mia mbili, kwa sababu goti langu lilikuwa limeanza kuuma. Ukungu ulishuka. Nilipokufikia ulikuwa unajipangusa mikono mbele ya rundo moja zuri ajabu, limesimama wima na kona zake nne, refu mpaka kiunoni. Nikakupongeza hata. Tukaendelea mbele. Tulitembea saa nzima bila kuona rundo lingine, kisha saa ya pili, kwenye mawe yenye makali yaliyokata raba za Wambui, na ukungu umekuwa mzito hadi nikaanza kukushika koti. Tulipokaa chini nikafungua kijitabu, nikakusomea kwa sauti: ukifika kwenye marundo mawili yaliyosimama bega kwa bega, kata kushoto, teremka hadi nyumba ya wageni.

Ukauliza, "Mawili?"

"Mawili, Baba Wambui. Umeyaona?"

Ulitazama mikono yako. "Kulikuwa na mawili," ulisema mwisho. "Mabovu. Nikafanya moja zuri."

Leo ninaandika nikicheka. Siku ile sikucheka. Tulirudi nyuma hadi kwenye rundo lako, tukafika nyumba ya wageni jioni, tumelowa mpaka mifupa, goti langu limevimba, na njia nzima sikukusemesha. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya tano, siku ya kupanda hadi kwenye mdomo wa mlima na kuchungulia ndani, jambo ulilokuwa ukiwaambia watu wa Kiganjo miezi mitatu. Asubuhi uliniamsha polepole ukaniuliza kama goti limepoa. Nikakuambia maneno haya, na nimeyakumbuka kila siku tangu hapo: "Mimi sipandi tena na mtu anayebomoa njia. Kama unataka shimo lako, nenda peke yako."

Goti lingeweza, Baba Wambui. Nataka ulijue hilo. Lilikuwa linauma lakini lingeweza. Kilichokataa ni roho yangu.

Hukubishana. Ulivaa gambuti, ukasema unaenda kutafuta mkate. Ulirudi baada ya saa tatu nzima, umechafuka matope, unahema, na mkate mmoja kwapani. Nilikuuliza duka liko wapi, liko bara? Ukasema, "Kidogo mbali." Ukanikatia kipande kinene, ukanipaka siagi, ukakaa ukiniangalia nikila. Mchana gari likatuchukua. Kwenye ndege uliniambia tutarudi siku nyingine, nikakuambia ndiyo.

Miezi kumi baadaye, Jumamosi asubuhi, ulikaa kwenye ngazi ya veranda na kikombe chako cha chai. Nilikuwa ndani nikitafuta raba zangu, maana tulikuwa tunaelekea Chania. Nilipotoka chai ilikuwa bado moto.

Tulikuzika Ngoliba. Mafundi wako wote walikuja, wa Thika na wa Ruiru, na baada ya wiki wakarudi kukujengea ukingo wa kaburi kwa mawe ya machimbo, kazi safi, ungefumba jicho lako na kuridhika. Wakafika mwisho, wakaacha jiwe moja chini. Wakaniangalia wote, kofia mikononi. Nami sikuweza. Nilisimama pale na mikono yangu ikakataa kabisa. Nilikuwa nikiwaza: huyu ni mtu niliyemnyima siku yake ya tano, nitakuja hapa kumfungia nyumba kwa haki gani? Wambui akaliweka. Watu walidhani ni majonzi, wakanifunika leso.

Kile kijitabu nilikitia ndani ya Biblia, na ukurasa wa siku ya tano sikuwahi kuusoma. Wambui alipokuja likizo mwaka huu alikikuta. "Mum, hii bado unaweka ya nini?" Nikamwambia kila kitu, hata yale maneno. Alinishika mkono akasema, "Mum, Dad alishasahau hiyo story kabla hamjafika airport." Nikamwambia inawezekana, lakini mimi sijasahau, na nitaenda kuimaliza ile siku. Alitaka kunisindikiza. Tuligombana jikoni mpaka Mama Kamau akapiga hodi kuuliza kama kuna nyoka. Mwishowe mtoto wako akakubali, akanifundisha kutumia ramani kwenye simu, na mara ya kwanza kuijaribu ikanipeleka kwa kinyozi.

Nilianzia siku ya kwanza, sikuruka hata moja. Ni kitu kigeni kutembea bila mgongo mbele yako. Mara mbili nilijikuta nimeanza kusema neno nikanyamaza. Mara ya tatu sikunyamaza, niliongea tu, nani ananisikia kule? Nilikueleza habari za bomba la maji na za yule mpangaji wa chumba cha tatu. Yale uliyonyoosha, mengine yalikuwa yamebomoka, sitakudanganya. Upepo wa kule hauheshimu fundi.

Siku ya nne nilifika pale. Nilikuwa nimejiandaa kulikuta lile moja lako zuri, nikalie hapo kidogo, kisha nikate kushoto kwa akili yangu mwenyewe. Nikakuta mawili. Mawili, bega kwa bega, na yote mawili yamefungwa kona, jiwe juu ya kiungo, vipande vidogo vimebanwa kwenye mianya. Nilizunguka mara tatu nikiyatazama. Hakuna mtu mwingine duniani anayejenga rundo la njiani kana kwamba litawekewa mabati.

Nikateremka hadi nyumba ya wageni. Yule mama mwembamba aliyetupokea bado yupo. Alinitambua kabla sijatua mzigo, akaonyesha urefu wako kwa mkono na kuniuliza kwa macho. Nikatikisa kichwa. Akaketi nami. Kwa Kiingereza chake cha kuokoteza akaniambia kwamba asubuhi ile alikuona ukitoka peke yako kuelekea juu, na uliporudi, viganja vimechubuka, ulisimama kwenye mlango wake wa nyuma ukamwomba mkate. Mkate alikuwa ameshauoka, uko hapo dirishani. Jikoni kwake, Baba Wambui, hatua ishirini kutoka kitanda nilichokuwa nimelala nimenuna! Saa tatu nzima, na mkate umetoka nyuma ya ukuta.

Ulirudi kurekebisha njia ya watu. Kifua kile ambacho hatukujua kimeanza kuchoka, ulikipandisha mlima wakati mimi nimevuta blanketi, ili wengine wasije wakapotea kwa kosa lako. Na hukuniambia. Sijui kama ulikuwa na aibu au ulikuwa unaogopa mdomo wangu. Nadhani vyote viwili.

Siku ya tano nilitoka mapema. Nikapita marundo yako mawili, nikakata juu kama kijitabu kinavyosema. Kutoka pale marundo yalikuwa yale mabovu ya wenyeji, yameegemea kila upande, nikajua hukugusa huko, ulitengeneza kosa lako ukashuka. Nikapanda polepole. Anga lilikuwa jeupe safi, halina ukungu hata chembe.

Kwenye kona ya mwisho kuna mahali pa kukaa, jiwe pana. Kando yake nikaona rundo la mikono yako.

Ulifika, Baba Wambui. Ulifika mpaka pale. Kutoka kwenye jiwe lile la kukalia hadi ukingoni ni hatua hamsini, nilizihesabu baadaye, na kutoka pale huoni ndani, unasikia tu harufu. Sijui ulikaa muda gani. Mikono yako haikujua kukaa bure, kwa hiyo ukajenga. Na baada ya rundo lako, hadi ukingoni, yaliyofuata ni mabovu tena, mawili ya mwisho yamelala kabisa chini. Yaliyoinama ulikuwa umejifunza kuyaacha, lakini wewe, upite rundo lililoanguka ukaliache? Haiwezekani. Hukupita. Ulikaa hatua hamsini kutoka kwenye jiko uliloota, ukageuka, ukateremka kumtafutia mke wako mkate.

Halafu nikaona juu ya rundo ni tambarare, pameandaliwa, pamesawazishwa, na hapana kitu. Jiwe bapa lilikuwa chini, limeegemezwa upande, limeshaanza kuota kuvu.

Labda mtu angeniambia lilianguka tu. Angeniambia upepo. Mtu huyo hajawahi kusimama uani Kiganjo na kuitwa kutoka jikoni.

Nililia kwanza. Nililia vizuri, kwa sauti, sijalia hivyo hata Ngoliba. Kisha nikafunga leso kiunoni, nikaliinua kwa mikono miwili, goti likapiga kelele, nikaliweka. Lilikaa mara moja bila kutikisika. Nikatoa timazi yako, ndiyo, nilikuja nayo, na dawa zangu pia sikusahau, nikaining'iniza kando. Rundo lako limeinama kidogo upande wa kushoto, upana wa kidole. Sitamwambia mtu.

Kisha nikatembea zile hatua hamsini nikachungulia, kwa ajili yangu na kwa ajili yako. Ni shimo kubwa jeusi, Baba Wambui, kama sufuria ya ugali iliyobaki ukoko, na katikati moshi mwembamba unapanda polepole bila haraka yoyote. Ungelipenda. Ungeuliza nani alijenga ukuta wa upande wa mashariki.

Nisamehe kwa ile asubuhi. Ninaomba hata kama naona ulishanisamehe kabla jua halijachomoza vizuri, ukaniachia na risiti ya mawe. Mimi nami nimekusamehe kwa uongo wa mkate. Ulikuwa mtamu, nilikunyima hata kukuambia hilo.

Jumamosi nitakuja Ngoliba. Nitavaa raba zile zile, na safari hii nitakaa karibu nawe kabisa, si hatua kumi nyuma, nikusimulie shimo mwanzo hadi mwisho. Lala salama, fundi wangu. Kazi imekwisha.

Ni mimi, mwenye nyumba,
Mama Wambui